Pikipiki Zipo, Wapandaji Wanazeeka: Nani Atazirithi Klabu za Uingereza?

Kila mwaka, Jumapili moja ya Juni, barabara nyembamba za mashambani katikati ya Uingereza hujaa pikipiki zilizotengenezwa kabla ya mwaka 1931. Msafara huo huitwa Banbury Run na umekuwapo tangu 1949. Mamia ya mashine hupanda Sunrising Hill, kilima kifupi lakini kikali. Baadhi yake huvutwa na mkanda badala ya cheni, na nyingine hubadilishwa gia kwa mkono, kwa leva iliyochomoza ubavuni mwa tangi. Ikitokea moja imekata pumzi katikati ya mlima, watu walioketi kwenye majani huinuka na kuisukuma.

Pikipiki zenyewe zinapendeza kuzitazama. Nikeli inang'aa, rangi ya tangi imepakwa kwa mkono, na mstari wa dhahabu umenyooka kama siku ulipotoka kiwandani. Wakati wapandaji wanapovua kofia zao mwisho wa safari ndipo unapoona habari nyingine. Unaona mvi na vipara, vifaa vya kusaidia masikio, na magoti yaliyokwisha kupitia kwa daktari wa mifupa. Waliojiunga wakiwa vijana miaka ya 1960 na 1970 ndio hao hao wanaoendesha leo. Ndio wanaohariri jarida la klabu, ndio wanaopanga njia ya msafara, ndio wanaochemsha chai. Nyuma yao foleni ni fupi, na kila majira ya baridi yakipita kuna majina yanayohamia kwenye ukurasa wa tanzia.

Klabu inayoandaa msafara huo ni Vintage Motor Cycle Club, yenye makao yake Burton upon Trent. Ilizaliwa Aprili 1946 katika mkahawa mmoja wa Hog's Back, Surrey, kwa wito wa C. E. Allen, ambaye watu wote walimwita Titch. Vita Kuu ya Pili ilikuwa haijatimiza mwaka tangu imalizike. Petroli ilikuwa ya mgao, chuma kilikuwa kimekusanywa kwa ajili ya silaha, na pikipiki za enzi za baba zao zilikuwa zinaozea mabandani au kuuzwa kwa kilo. Allen na wenzake walitaka ziokolewe. Walitaka pia ziendeshwe, barabarani, kwenye mvua, kama zilivyokusudiwa na waliozitengeneza. Allen alifariki mwaka 2010, akiwa ameiona klabu yake ikivuka miaka 60.

Ili kuelewa kwa nini klabu kama hizi zinazeeka kwa pamoja, karibu kwa mpigo mmoja, inabidi kurudi mwaka 1959. Mwaka huo Waingereza walisajili pikipiki mpya zaidi ya 300,000, kilele ambacho hakijafikiwa tena. Hadi wakati huo pikipiki ilikuwa usafiri wa mfanyakazi. Baba aliendesha, mama na watoto wakakaa kwenye kigari cha pembeni, na Jumapili familia nzima ikaenda pwani. Agosti ya mwaka huo huo likaingia sokoni gari dogo la Mini kwa bei isiyofika pauni 500, lenye viti vinne na paa. Mwenye familia hakuwa na haja ya kufikiria mara mbili. Mvua ya Uingereza inajulikana.

Walioendelea na pikipiki walikuwa vijana wenye mshahara na wasio na mke. Kwao pikipiki ilikuwa uhuru wa kwanza walioununua kwa fedha yao wenyewe. Walikutana kwenye mikahawa ya madereva wa malori iliyokesha wazi, na maarufu kuliko yote ulikuwa Ace Cafe, kando ya barabara ya North Circular, London. Ulifunguliwa 1938, ukabomolewa kwa mabomu ya Wajerumani, ukajengwa upya 1949. Vijana walivaa jaketi za ngozi nyeusi, wakachonga Triumph, Norton na BSA zao zipungue uzito, na wakatafuta maili 100 kwa saa kwenye barabara za umma. Wengi walikufa. Magazeti yaliwaandika kama wahuni, na mwaka 1964, walipopigana na vijana wenzao wa skuta kwenye fukwe za Clacton, Margate na Brighton, nchi nzima iliamini kwamba kizazi kile kimepotea.

Katika kipindi hicho kasisi mmoja wa Kanisa la Anglikana alifanya jambo ambalo viongozi wa klabu za leo wangepaswa kulisoma kwa makini. Bill Shergold alikuwa padri wa parokia ya Hackney Wick, mashariki mwa London, na mwenyewe alipanda pikipiki. Parokia hiyo ilikuwa na klabu ya vijana iliyoanzishwa 1959, na kwa sababu hiyo ikaitwa 59 Club. Mwaka 1962 Shergold alipanda pikipiki yake hadi Ace Cafe, mahali ambapo kola ya upadri haikuwa na heshima yoyote, akagawa karatasi za kuwaalika vijana wale kwenye ibada yao maalumu. Walikuja, na wengi waliendelea kuja. Walikuta ukumbi wenye kahawa, meza ya biliadi, muziki na mahali pa kutengenezea pikipiki, na hawakuambiwa kwanza wabadili mavazi. Katika miaka michache tu 59 Club ilikuwa miongoni mwa klabu kubwa kabisa za pikipiki duniani.

Shergold hakuanza kwa kuuliza kwa nini vijana hawaji kanisani. Aliwafuata walipo, kwa chombo chao, usiku, kwenye mkahawa wenye sifa mbaya. Nalisema hili kwa sababu katika mijadala mingi ya klabu za pikipiki za leo swali huwa lile lile kila mwaka: vijana wako wapi? Na jibu huwa kwamba vijana siku hizi hawapendi pikipiki, wamezama kwenye simu.

Kijana aliyekuwa na miaka 18 wakati wa vurugu za 1964 sasa yuko karibu na 80. Wahuni wa magazeti ya wakati ule ndio wazee wastaarabu wa klabu za leo. Ace Cafe ilifungwa 1969, vijana wale wakaoa, wakalea, wakalipa mikopo ya nyumba. Watoto walipoondoka nyumbani wakarudi kwenye pikipiki, safari hii wakiwa na fedha za kununua mashine walizozitamani tu walipokuwa wadogo. Mwaka 1994 uliitishwa mkutano wa kumbukumbu pale Ace Cafe ilipokuwa, na 2001 mkahawa ukafunguliwa tena. Kwa miaka kama thelathini klabu zilishiba wanachama. Zilidhani hiyo ndiyo hali ya kawaida, kumbe lilikuwa wimbi moja la watu wa rika moja, na rika likizeeka huzeeka lote.

Si Uingereza peke yake. Marekani, uchunguzi wa baraza la wafanyabiashara wa pikipiki wa mwaka 2018 ulionesha kwamba nusu ya wenye pikipiki walikuwa wamevuka miaka 50, wakati mwaka 1990 umri huo wa kati ulikuwa 32. Harley-Davidson, ambayo mwaka 2006 ilisafirisha pikipiki zaidi ya 340,000, mwaka 2023 haikufikisha 200,000. Hata Hells Angels, waliojijengea jina kwa kuogopwa, wamezeeka: Sonny Barger, kiongozi wao aliyejulikana kuliko wote, alifariki 2022 akiwa na miaka 83. Japani, nchi iliyoujaza ulimwengu pikipiki, wanaonunua pikipiki mpya kwa wastani wamevuka miaka 50. Huko lawama haziwezi kuwekwa zote kwa vijana. Tangu 1982 shule za sekondari ziliendesha kampeni ya kuwakataza wanafunzi kuchukua leseni ya pikipiki, kuinunua na kuiendesha. Ukimfungia mtu mlango akiwa na miaka 16, usishangae kutomwona akiwa na 40.

Uingereza nayo imejenga ngazi ndefu. Kijana wa miaka 17 akitaka pikipiki ya ukubwa wa 125 hupitia kwanza siku ya mafunzo ya lazima, apewe cheti cha miaka miwili, abandike herufi nyekundu ya mwanafunzi mbele na nyuma. Akitaka kupanda daraja kuna mtihani wa nadharia, mtihani wa uwanjani na mtihani wa barabarani. Kisha kuna leseni ya kati anayoweza kuichukua akiwa na miaka 19, na leseni kamili ya pikipiki yoyote hadi afikishe 24, au 21 kama alianza na ile ya kati na kukaa nayo miaka miwili, na hapo mitihani ya vitendo inarudiwa. Kila hatua ina ada yake, na bima ya kijana ni mzigo wa pekee. Baba yake, au tuseme babu yake, alifanya mtihani mmoja kwa mkaguzi aliyesimama kando ya barabara na daftari mkononi, akatoka hapo na ruhusa ya kupanda chochote. Sidai kwamba ngazi hii haina maana, kwa kuwa pikipiki inaua na sheria zimeokoa maisha. Lakini mzee anayesema vijana wamelegea angejaribu kwanza kuipanda ngazi hiyo mwenyewe.

Halafu liko suala la ushuru wa hewa chafu jijini London, ambao tangu Agosti 2023 unatozwa katika jiji zima. Pikipiki isiyofikia viwango vya moshi, ambayo kwa kawaida ni ya kabla ya 2007, hulipa pauni 12.50 kwa siku, isipokuwa mwenyewe aipeleke kupimwa na ikutwe safi. Chombo kilichotimiza miaka 40 na kusajiliwa kuwa cha kihistoria hakilipi. Matokeo yake ni kwamba mstaafu mwenye Triumph ya 1965 yenye thamani ya maelfu ya pauni anaingia mjini bure, na fundi mwanagenzi aliyenunua Suzuki ya 1995 kwa bei ya kutupa analipa kila anapotoka. Pikipiki ya kijana asiye na fedha huwa na miaka ishirini au thelathini, umri ambao sheria haiuonei huruma. Klabu na mashirika ya wapanda pikipiki yamepigania kwa nguvu misamaha ya vyombo vya kale, na ni haki yao. Ningependa kuona nguvu hiyo hiyo ikitumika kumtetea mwenye Suzuki.

Mtu anaweza kuuliza kuna hasara gani klabu hizi zikifa. Watu huzeeka, mitindo hupita. Pikipiki zitanunuliwa na matajiri au zitaingia makumbusho. Jibu langu liko kwenye mguu wa kulia wa mtu anayejua kuwasha BSA Gold Star.

Hii ni pikipiki ya silinda moja, cc 500, isiyo na kitufe cha stati. Unafungua bomba la petroli. Unabonyeza kipini kidogo juu ya kabureta hadi petroli ikulowanishe kidole. Unarudisha nyuma leva ya cheche, iliyo kwenye usukani, ili moto wa plagi uchelewe kidogo. Unakanyaga kiki taratibu mpaka mguu ugome: hapo pistoni imefika juu na kompresheni imeshika. Usilazimishe. Unabana leva ndogo inayoinua valvu, hewa inatoka, unaisogeza pistoni ipite kileleni kidogo tu, unaachia leva, unairudisha kiki juu. Sasa unasimama na kushuka nayo kwa uzito wote wa mwili, kwa mwendo mmoja mrefu usiokatika, bila kugusa mafuta. Ukiwa umefanya sawasawa, inaguruma mara ya kwanza. Ukisahau leva ya cheche, kiki inarudi na kukupiga, na wapo waliovunjika kifundo cha mguu kwa namna hiyo. Ikishawaka bado hujamaliza, kwa sababu gia iko mguu wa kulia na breki mguu wa kushoto, kinyume na pikipiki zote zinazouzwa leo. Katika hatari, mguu hufanya ulichozoea.

Kitabu kinaweza kueleza hatua hizi, na nimezieleza hapa kwa aya moja. Hakiwezi kueleza ule mgomo mdogo wa kiki unaousikia kwenye unyayo, wala mlio unaokuambia mchanganyiko wa petroli na hewa ni mwembamba mno. Hayo hupatikana kwa kusimama kando ya mtu anayejua, akikuambia "bado, bado, sasa". Pikipiki bila mtu huyo ni sanamu.

Ndiyo maana thamani kubwa ya klabu hizi iko kwenye mambo yasiyoonekana siku ya msafara. Vintage Motor Cycle Club ina maktaba yenye madaftari ya viwanda vilivyokwisha kufa, yanayoonesha pikipiki namba fulani ilitoka lini na kupelekwa kwa muuzaji gani. Kwa madaftari hayo, klabu huthibitisha umri wa pikipiki iliyookotwa bandani bila karatasi ili iweze kusajiliwa tena. Wenye pikipiki za Vincent, kampuni ya Stevenage iliyoacha kutengeneza pikipiki mwaka 1955, waliunda klabu yao mwaka 1948, na baadaye wakaunda kampuni ya spea. Kampuni hiyo inamilikiwa na wanachama, inachonga vipuri vipya kutokana na michoro ya awali, na ilifika mahali ikajenga Vincent Black Shadow nzima kwa vipuri vipya. Kiwanda kilikufa na wateja wake wakaendelea kutengeneza spea. Sijui biashara nyingine nyingi ambazo wateja wameipenda bidhaa kiasi hicho.

Kazi hiyo yote inafanywa na watu wa kujitolea, na wengi ni wastaafu. Mtu mmoja ndiye anayejua tanuri gani bado linakubali kusubu silinda kumi kumi. Mtu mmoja ndiye anayejua kwamba mchoro wa gia ya tatu una kosa la tarakimu moja ambalo kila fundi hulirekebisha kichwani. Akiondoka bila kurithisha, kosa hilo litachongwa kwenye chuma.

Na kuondoka kwenyewe mara nyingi huwa hivi. Mzee anafariki, mjane anafungua banda la nyuma ya nyumba. Ndani kuna pikipiki mbili nzima, tatu nusu, na makopo ya biskuti mamia, kila moja limejaa skrubu, valvu, pete za pistoni, na lebo alizozisoma yeye tu. Watoto wanaishi mbali. Anakuja mnunuzi, anachagua zile nzima, na makopo yanakwenda jalalani. Katika makopo hayo huenda mlikuwa na sehemu ambayo mtu mwingine ameitafuta miaka kumi. Klabu chache zimeanza kuwaandikisha wanachama maagizo ya nini kifanyike na banda lao wakifa. Ni mazungumzo magumu, lakini nadhani ni ya lazima kuliko mjadala mwingine wowote wa mkutano mkuu wa mwaka. Makumbusho nayo si kimbilio la hakika: Makumbusho ya Pikipiki ya London, huko Greenford, ilifungwa mwaka 2019.

Wazee wenyewe hawajakaa tu wakisubiri. Wengine wamehamia kwenye pikipiki nyepesi, wengine kwenye za magurudumu matatu. Kuna karakana huko Brittany, Ufaransa, inayotengeneza stati za umeme za kufungwa kwenye Norton za kale, msaada kwa watu ambao nyonga haziruhusu tena kiki. Wapo wanaoona hilo ni uasi dhidi ya mashine. Mimi naona ni busara, maana mzee anayeendelea kuendesha hadi 80 ana miaka mitano zaidi ya kufundisha.

Sasa, vijana wako wapi? Simama jioni yoyote ya mvua kwenye mtaa wenye mikahawa jijini London. Wamejipanga kando ya barabara, kwenye Honda za 125 zenye herufi nyekundu ya mwanafunzi, mapajani blanketi zisizopitisha maji, mgongoni masanduku ya chakula. Wengi ni wahamiaji. Wanaendesha saa nyingi kwa siku, kwenye baridi, kwenye msongamano, kwa malipo ya kila safari. Hakuna kundi jingine la vijana Uingereza linalotumia muda mwingi zaidi juu ya pikipiki. Wanajua kuteleza kwa rangi ya kivuko cha miguu kikilowa, wanajua dereva gani atafungua mlango bila kutazama. Kwa kipimo chochote cha haki hao ndio wapanda pikipiki wa zama hizi, na klabu karibu zote hupita mbele yao bila kuwasalimu.

Msomaji wa Dar es Salaam, Nairobi au Bujumbura hahitaji kuelezwa watu hawa ni akina nani. Ni bodaboda wa mji mwingine. Kijiwe cha bodaboda huku kwetu kina mwenyekiti na katibu, kina daftari la michango, kinazika wafu wake na kumtembelea aliyelazwa kwa ajali. Uhusiano wa pande hizi mbili upo hata kwenye chuma. Bajaj ya India, inayotengeneza Boxer ambazo nusu ya miji yetu imepanda, ndiyo pia inayotengeneza Triumph mpya za cc 400 zilizotoka 2023. Royal Enfield iliyoanza kutengeneza pikipiki mwaka 1901 huko Redditch ilikufa Uingereza, ikaendelea kuishi Chennai, na leo huuza kwa vijana wa India kwa wingi ambao waanzilishi wake wasingeuota. Vijana wanaopanda pikipiki bado wapo duniani kwa mamilioni, ila wengi wao hawafanani na picha zilizotundikwa kwenye kumbi za klabu.

Makundi mapya yameliona hilo kwa kiasi. The Litas lilianzishwa 2014 huko Utah, Marekani, kwa ajili ya wanawake, na limeenea nchi nyingi. Katika uchunguzi ule wa 2018, karibu mmoja kati ya watano wa wenye pikipiki Marekani alikuwa mwanamke. Tangu 2012 maelfu ya watu huvaa suti siku moja kwa mwaka na kuendesha pikipiki mijini, na siku hizi huchangia vita dhidi ya saratani ya tezi dume, wazo lililozaliwa Sydney. London kuna Bike Shed, yenye mgahawa na kinyozi ndani. Makundi haya hayadai ada kubwa wala hayamuulizi mtu pikipiki yake ni ya mwaka gani. Udhaifu wao naona uko hapo hapo: ukitafuta mtu wa kukuchongea valvu ya 1938, huko hutampata. Wana vijana, na klabu za kale zina ujuzi, na mlango kati yao umefunguka kidogo mno.

Zanzibar tumeona mlango wa namna hiyo ukifunguliwa. Nadi Ikhwan Safaa, kundi la taarab lililoanzishwa 1905, lisingevuka karne kama kila mpiga kanuni angekufa na kanuni yake. Mwaka 2002 kikaanzishwa Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, mafundi wazee wakakaa darasani na watoto, udi na kanuni mkononi, na watoto wale leo wanapiga muziki wao wenyewe kwa vyombo vile vile. Mzee alikubali kusikia noti asizozipenda, na huko ndiko klabu za pikipiki zinakosita.

Lakini dalili njema zipo, na ningezidhulumu klabu hizi nisipozitaja. Vintage Motor Cycle Club huandaa siku za mafunzo ambapo mgeni hupewa pikipiki ya gia ya mkono na mtu wa kusimama kando yake. Bicester, karibu na Oxford, kuna chuo kinachofundisha vijana ufundi wa vyombo vya kale kwa mfumo wa uanagenzi, wakilipwa huku wakijifunza. Kimeegemea zaidi magari, lakini mkono unaojua kuchonga bushi ya gari utajua ya pikipiki. Kinachobaki ni uongozi kung'atuka. Katika klabu nyingi katibu amekaa miaka ishirini kwa sababu hakuna mwingine aliyejitokeza, na hakuna mwingine aliyejitokeza kwa sababu katibu amekaa miaka ishirini. Kijana akipewa jarida alihariri, atalibadilisha. Atalipeleka kwenye simu, ataweka picha za Honda na Yamaha, na baadhi ya wazee watajitoa. Ni gharama inayopaswa kulipwa sasa, wakati wazee wanaobaki bado wana nguvu ya kujibu maswali yake.

Sheria ya Vintage Motor Cycle Club yenyewe iko upande wa vijana, kama ikisomwa vizuri. Mwanzoni ilipokea pikipiki za kabla ya 1931 peke yake. Baadaye ikabadilishwa, na sasa pikipiki yoyote iliyotimiza miaka 25 ina haki ya kuingia. Honda Fireblade ya 1992, iliyokuwa ndoto ya vijana wa wakati wake, imekuwa na haki hiyo tangu 2017. Pikipiki za vijana wa miaka ya 1990 zimekwisha kuwa za kale, na waliozipenda sasa wako kwenye miaka ya hamsini, wana fedha, wana muda, na wengi wao hawajawahi kupokea mwaliko wowote.

Na hesabu hiyo haisimami hapo. Mwaka 2019 Harley-Davidson ilianza kuuza LiveWire, pikipiki ya umeme isiyo na kabureta, klachi wala gia. Mwaka 2044 itatimiza miaka 25 na kugonga mlango wa klabu. Betri yake itakuwa imekwisha, kampuni huenda imeacha kutoa programu zake, na atahitajika mtu aliyehifadhi michoro ya saketi na nakala ya programu kama vile wenye Vincent walivyohifadhi michoro ya silinda. Mtu huyo leo ana miaka ishirini na kitu. Huenda jioni hii yuko kwenye skuta ya kukodi, sanduku la chakula mgongoni, akiingia mtaa ambao klabu ya pikipiki inafanya kikao chake cha mwezi.